Mashati ya Doto

Kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama mna mashati ishirini na moja ambayo hayajawahi kuvaliwa na mtu yeyote. La chini kabisa lingenibana hata mimi. La juu kabisa ni la mwanamume mzima mwenye kitambi. Kila mwaka masika yakiisha huwa nakwenda kumsaidia mama kuyaanika, maana bati linatoa jasho na nguo zinashika uvundo, na kila mwaka najikuta nimesimama uani na shati mkononi, nimezamisha pua kwenye kola kama mbwa. Yananuka naftalini na bati, basi. Najua hivyo kabla sijanusa, na bado nanusa.

Mashati hayo ni ya kaka yangu Doto. Yote aliyapata baada ya kupotea, na mpaka ninapoandika haya hajapatikana, hai wala mfu.

Kwetu tulizaliwa watatu. Kulwa na Doto ni mapacha, mimi nikawafuata miaka kumi baadaye, mama akiwa ameshakata tamaa. Kwa Wasukuma anayezaliwa baada ya mapacha hatafutiwi jina, anaitwa Shija na mambo yanaishia hapo. Baba alifariki kabla sijaanza shule. Kwa hiyo nyumba yetu pale Kigongo, juu kidogo ya kivuko, ilikuwa ya mama, bibi mzaa mama, mapacha na mimi.

Bibi alikuwa na sheria zake kuhusu mapacha. Hawabaguliwi. Ukimpa mmoja muwa, wa pili apate muwa wa urefu ule ule. Ukimchapa mmoja, mwenzake naye aonje, hata kama hajui kosa ni lipi. Mama aliishika sheria hiyo zaidi kwenye nguo. Krismasi ikikaribia alinunua kitambaa kimoja, akakipeleka kwa fundi cherehani, na fundi akampima Kulwa peke yake kisha akakata mashati mawili. Kumpima Doto ilikuwa kupoteza muda. Hata walipofika miaka kumi na tisa, ndevu zimeshawaota, bado walitoka nyumbani asubuhi wamevaa sare kama watoto wa kwaya.

Fundisho jingine la bibi lilinihusu mimi. Alisema Shija amepita njia ile ile waliyopita mapacha, kwa hiyo hawezi kuwachanganya hata akitaka. Na kweli watu wote pale kijijini waliwachanganya. Mama mwenyewe akimwona mmoja kwa mbali aliita tu "wewe" na kungoja aitikie. Mimi sikuwahi kukosea. Ukawa ndio mchezo wa kila mgeni: pacha mmoja anasimamishwa katikati ya sebule, naitwa kutoka nje, naulizwa huyu ni nani. Namsogelea, nampa shikamoo, nataja jina. Wageni wanacheka, mama anasema huyu hadanganyiki, na bibi anatikisa kichwa taratibu kama katekista aliyejibiwa vizuri. Utotoni sikuwa na sifa nyingine. Darasani nilikuwa wa katikati, kuimba sijui, sura ya kawaida. Nilikuwa yule anayewajua mapacha, na nilijivunia hilo kupita kiasi.

Sasa niseme siri yangu. Kwa sura sikuwa nawajua hata kidogo. Nilikuwa nawanusa. Kulwa alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga pale pale Kigongo, na hata aoge vipi alinukia unga wa mahindi uliopata moto. Doto alikuwa gereji ya malori kule Usagara, njia panda, akiondoka asubuhi na kurudi jioni, naye alinuka dizeli na grisi. Ile shikamoo yangu yenye adabu ilikuwa hila ya kusogeza pua. Wala sikuona kama ni udanganyifu. Nilidhani kila mtu angeweza kufanya hivyo ila hawajafikiria, na nikinyamaza sifa itabaki yangu.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida mno, ndiyo maana naikumbuka vibaya. Tulitoka shule mchana nikapita kivukoni, kwa sababu ndiko kulikokuwa na mambo ya kutazama. Wa rika langu waliopita Kigongo wanakumbuka: basi likifika abiria wote wanashushwa, magari yanatangulia kuingia, ninyi mnabanana bandani mpaka geti lifunguliwe, kisha wote mnamiminika kwa pamoja, mizigo vichwani na kuku kwapani. Kulikuwa na harufu ya moshi wa injini, ya samaki wa kukaanga kwenye mafuta yaliyotumika tangu alfajiri, na ya magugu maji yanayooza ukingoni. Mwaka ule mashati yalikuwa ya mistari ya kijani. Geti lilipofunguliwa niliiona ile mistari katikati ya watu, bega la kaka yangu na kisogo cha kaka yangu, anateremka kuelekea kwenye kivuko bila mzigo. Niliita. Nadhani niliita. Akainua mkono bila kugeuka, au alikuwa anafukuza nzi, au alikuwa anajishikiza kwenye bomba la kando. Watu wakamfunika, na mimi nikaenda nyumbani kula.

Hayo ndiyo yote. Nimeyarudia mara nyingi mno kiasi kwamba sijui tena lipi ni la macho na lipi limetokana na kurudia. Iko miaka ninayomwona amegeuka na kunicheka, na hilo najua nimeliongeza. Lakini kama hilo nimeliongeza, mkono je?

Jioni Kulwa alirudi, akanawa, akakaa. Doto hakurudi. Mama alikuwa anasonga ugali na hakuwa na hofu yoyote, alikuwa amekereka tu, maana sato walikuwa wawili wa kulingana na mmoja alikuwa anapoa. Akaniuliza bila kuniangalia.

"Shija, Doto umemwona wapi leo?"

"Anapanda feri," nikasema.

Lilinitoka kirahisi hivyo. Nilikuwa nimemwona mmoja wao, nikaulizwa habari za Doto, basi niliyemwona akawa Doto. Kulwa pale alipokaa aliacha kutafuna. Hilo nililiona vizuri, na nikalielewa kitoto: nilidhani anaona wivu kwamba mwenzake ametembea na yeye amebaki na mashine yake ya kusaga. Nikamwonea huruma kidogo, kisha nikaomba mchuzi zaidi.

Kesho yake hakurudi, wala keshokutwa. Mwenye gereji alisema kijana aliomba ruhusa saa sita mchana, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akaondoka bila kusema anakwenda wapi. Maneno yake yakakaa juu ya maneno yangu kama mfuniko na sufuria, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza zaidi upande ule. Siku ya tatu mama alinivalisha gauni la kanisani tukaenda polisi. Askari aliyekuwa anaandika alinitazama kwa wema, akamwuliza mama kama mtoto ana uhakika, maana amesikia hao vijana ni mapacha.

"Afande, huyu ndiye Shija wao," mama akasema. "Watu wote wanakosea. Huyu hakosei."

Yule askari naye alikuwa Msukuma. Hakuuliza tena, akaandika.

Naikumbuka kalamu yake, ilikuwa ya bluu na kifuniko kimetafunwa. Nilikuwa na nafasi pale. Ningeweza kusema kwamba sikumsogelea, kwamba nilimwona kwa mbali na mbali mimi sijui kitu. Lakini ningelazimika kueleza mambo ya pua, na nilikuwa na miaka tisa, na mama alikuwa ameniwekea mkono begani kama mtu anayeonyesha kitu cha thamani. Nikanyamaza. Zaidi ya kunyamaza, nilijisikia mkubwa. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo nilivyojisikia.

Basi tukamtafuta ng'ambo. Busisi, Sengerema, mpaka Geita kwenye machimbo, kwa sababu kila mtu alisema vijana wakivuka maji wanafuata dhahabu. Mama na Kulwa walivuka karibu kila juma, na mimi mara mojamoja nikachukuliwa, kama shahidi. Picha tuliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, mapacha wamesimama pamoja studio mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na aliyekuwa anaionyesha ni Kulwa. Hebu fikiria kijana anakuja na picha ya vijana wawili wanaofanana naye, anakuuliza kama umewahi kumwona mmoja wao. Watu wa Busisi walimtazama, wakaitazama picha, wakasema si ni wewe hapa. Mama alikuwa anayasimulia hayo nyumbani huku anacheka, kicheko kinaishia njiani, anaanza kutafuta kijiko ambacho kiko mkononi mwake.

Halafu habari zikaanza kuja. Muuza maji wa Sengerema alikuwa amemwona kijana huyo juma lililopita, shati la mistari ya kijani, anatembea kama mtu aliyeangusha kitu. Mama lishe mmoja njia ya Geita alimpa chai na hakumlipisha, alivyoona amechoka. Kila habari ilimwinua mama, akajifunga kitenge akavuka. Ilituchukua miezi kuelewa kwamba kijana huyo aliyekuwa anaonekana kila mahali ni Kulwa. Alikuwa amepita kote huko akimtafuta mwenzake, na watu waliikumbuka sura na shati. Tulikuwa tunafuata nyayo zake. Aliyegundua ni yeye mwenyewe. Alirudi nyumbani siku hiyo, akalivua lile shati, akalitia kwenye vitambaa vya kushikia sufuria, na hakuwahi kulivaa tena.

Nyumbani bibi alikuwa amekataza kilio. Pacha haliliwi, alisema, ukimlilia mmoja unamwita wa pili amfuate. Kwa hiyo hatukuwa na msiba wala hatukuwa na amani. Majirani walikuja, wakakaa mkekani, wakashindwa kujua watoe pole ya nini, wakazungumzia mvua. Mimi niliichukua ile amri ya bibi kwa namna yangu. Niliamini mtu hafi mpaka awe ameliliwa. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nakagua macho ya mama na ya Kulwa, na nikiyakuta makavu nakwenda shule nimetulia, nikijua Doto bado mzima. Siku moja nilimkuta mama anamenya vitunguu, machozi yanamtoka. Nilimnyang'anya kisu. Hakuelewa kwa nini, na mimi sikumweleza.

Krismasi ikakaribia. Mashine ya kusaga iliharibika na Kulwa akashinda amelala chini yake pamoja na fundi. Mchana mmoja, jua bado kali, nilikuwa nimekaa kizingitini nachambua dagaa, mtu akaja kwa nyuma kutoka upande wa shamba. Harufu ilinifikia kabla yake, dizeli na grisi. Sikugeuka hata kumtazama.

"Mama," nikasema, "Doto amerudi."

Mama alitoka jikoni na majivu mikononi. Alinipita, akamshika yule kijana mashavu yote mawili akamchafua uso, akawa anarudia, "Doto, ng'wanone. Doto, ng'wanone," yaani mwanangu, mwanangu. Na Kulwa hakusema kitu. Alisimama tu na kuacha ashikwe. Kwangu ulikuwa muda mrefu, labda haukuwa mrefu. Mpaka leo sijui kwa nini hakusema mara moja. Labda alimwonea huruma. Labda alitaka awe Doto kidogo, Kulwa ndiye awe amepotea. Nilipomuuliza tukiwa watu wazima alisema hakumbuki, na alivyosema nikajua anakumbuka.

Hatimaye akasema, "Ni mimi, mama. Mashine imeharibika."

Mama akamwachia. Akanigeukia. Hakunigombeza, hakunipiga. Alinitazama kama unavyoutazama mzani wa dukani uliokuwa ukiuamini miaka yote, kisha akarudi jikoni kwake. Juma lile lile alikwenda kwa fundi, Kulwa akapimwa, yakakatwa mashati mawili ya bluu. La Doto likakunjwa na kuwekwa sandukuni. Ndilo la chini kabisa.

Baada ya hapo hakuna mgeni aliyewahi kuniita sebuleni. Na hata kama angetokea, wa kumsimamisha alikuwa amebaki mmoja.

Miaka ikaenda. Kulwa akaoa binti wa Sengerema, wakahamia Misungwi na kufungua mashine yao ya kusaga, wakamchukua mama na bibi. Mimi nilisoma, nikapata kazi Mwanza mjini. Kila Krismasi kitambaa kimoja, fundi mmoja, Kulwa anapimwa, mashati mawili. Kulwa akanenepa, na Doto naye akanenepa sandukuni. Kulwa akapata kitambi, Doto akapata kitambi. Siku moja fundi mpya, kijana asiyejua habari, aliuliza kwa nini huyo wa pili haji kupimwa, na mama akajibu wanalingana. Nilikuwa nimesimama hapo. Nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu mimi ndiye niliyempa mama yule mtu wa ng'ambo anayenenepa.

Bibi alifariki miaka minne iliyopita. Tulipomaliza mazishi Kulwa aliniita nyuma ya nyumba, akakaa juu ya gunia la pumba, akaniambia jambo alilokuwa amelibeba miaka yote. Siku ile na yeye alikuwa amevuka. Aliiacha mashine kwa mwenzake, akaenda Sengerema kumwona huyo huyo binti ambaye sasa ni mke wake, akarudi jioni kama aliyeshinda kazini.

"Ulivuka saa ngapi?" nikamuuliza.

"Mchana. Au alasiri. Shija, sikumbuki."

"Na shati?"

"La mistari. Wote si tulikuwa nayo?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema, pale pale jioni ile, mbele ya ugali. Akanishangaa, kana kwamba jibu liko wazi. Alisema mimi nilikuwa nimesema ni Doto. Kwa hiyo alijua Doto naye amevuka: amepita mashineni akamkosa, akaambiwa kaelekea feri, akamfuata, wakapishana majini. Alijua mwenzake amepotelea ng'ambo akimtafuta yeye. Ndiyo maana alivuka kila juma. Ndiyo maana alishindwa kumtazama mama usoni miaka yote ile.

"Hukuwaza kwamba labda ni wewe niliyekuona?"

"Wewe ulikuwa hukosei," akasema.

Sikulala vizuri kwa miezi. Kama niliyemwona ni Kulwa, basi Doto hakuvuka, na safari zote zile zilikuwa za bure. Kama niliyemwona ni Doto, basi Kulwa yuko sahihi na mzigo wake ni wa kweli. Na inawezekana walivuka wote wawili. Na inawezekana nilimwona mgeni tu mwenye shati linalofanana, maana kitambaa kile hakikuwa cha familia yetu peke yake. Nilikaa na hayo kichwani, kila nikishika moja jingine linaniponyoka. Mama hatukumwambia. Hatukukubaliana tusimwambie, hatukumwambia tu.

Krismasi iliyopita tulikuwa tunakwenda ukweni kwa Kulwa. Mke wake na watoto walikuwa wametangulia. Kulwa aliendesha pikapu yake, mama akakaa mbele, mimi nyuma na sufuria za pilau. Siku hizi hakuna kungoja feri, unapanda daraja na kabla hujamaliza maongezi uko Busisi. Lakini tulipofika Kigongo mama aliomba tusimame kwanza, tushuke pale kilipokuwa kivuko. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo alikaa kwenye kibaraza cha kibanda kilichofungwa na mimi nikabaki naye. Kulwa aliteremka peke yake mpaka majini. Alikuwa na shati jipya la rangi ya damu ya mzee, amesimama penye lile geti la zamani, anatazama nguzo za daraja. Kwa pale tulipokuwa alikuwa mgongo na kisogo.

"Shija," mama akasema. "Yule ni nani?"

Ilikuwa sauti ile ile ya sebuleni, ya mbele ya wageni. Nilitaka kumjibu kwamba ni Kulwa, nani mwingine.

"Kwa hapa sijui, mama. Kwa mbali sijawahi kuwajua."

"Hata siku ile?"

"Hata siku ile."

Nikamweleza mambo ya pua, unga na dizeli, nikiwa na miaka thelathini na nalia kama mtoto aliyefumaniwa anaiba sukari. Yeye hakulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema alijua tangu siku ile mashine ilipoharibika. Nikamuuliza kwa nini basi hakuniuliza mapema, miaka yote hii. Alisugua goti.

"Ningekuuliza ungesema kweli," akasema. "Halafu ningekwenda wapi? Ng'ambo nilikuwa na pa kwenda. Nilikuwa napanda feri, najua namfuata."

Akanyoosha kidole kwenye maji matupu pale kivuko kilipokuwa kinatia nanga. Alisema sasa feri yenyewe imeondoka na yeye magoti yamekwisha, hawezi kuendelea kujidanganya kwa miguu. Kisha akanigeukia.

"Wala kosa si lako. Nilikuuliza Doto umemwona wapi. Jina nilikutilia mimi mdomoni. Nilipaswa kukuuliza umemwona nani."

Kulwa aliporudi mama alimwambia ageuze gari. Kulwa akasema wakwe wanangoja. Mama akasema wangoje, tunakwenda Usagara, upande huu hatujawahi kumtafuta. Kulwa alinitazama mimi, nikatikisa kichwa kukubali. Akawasha gari. Tulipokuwa tumeenda mwendo wa kutosha, macho yakiwa barabarani, akasema, "Mama, siku ile mimi nilivuka." Mama alimgeukia tulipoanza kuona mabati ya Usagara. Hapo akauliza kama alikuwa na lile shati la kijani. Kulwa akasema ndiyo.

"Haya," mama akasema, na akamshika bega.

Gereji haipo tena, pamejengwa duka la saruji na mabati. Lakini kando yake, chini ya turubai, yupo mzee anayeziba pancha, na Kulwa alisema mzee huyo alikuwepo hata enzi zile, akiwa na pampu ya mguu. Kulwa alitaka kushuka. Mama akamzuia, akamwambia abaki garini na apandishe kioo, sura yake isije ikamjibia mzee wa watu. Mimi akaniambia nije nimshike mkono lakini nisifungue mdomo.

Alimsalimia mzee kwa Kisukuma, kirefu, habari za nyumbani na za ng'ombe na za mvua, mpaka mzee akaacha tairi na kumsogezea kigoda. Mama hakukaa. Alisema zamani palikuwa na gereji hapa, na mchana mmoja kijana wa gereji hiyo aliomba ruhusa, akanawa mikono, akaondoka. Hakumtaja jina. Hakusema kama alikuwa pacha wala alikuwa amevaa nini.

"Siku hiyo ulimwona nani, baba?"

Mzee alimtazama vizuri. Alifunika kopo lake la gundi, akalisogeza kando.

"Mimi niliona kijana anapanda lori la pamba, hapo, linakwenda njia ya Shinyanga," akasema. "Nikasema yule ni Doto. Halafu nikasikia Shija wao amemwona feri. Basi nikajua nimekosea."

Mama aliuachia mkono wangu. Alivuta kigoda, akakaa, akanyoosha lile goti lake bovu.

"Kosea hivyo hivyo, baba," akasema. "Nakusikiliza."